Usugu wa, Sumu ya

Dada yangu anakula kwa makosa ya watu. Ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na hakuna kitu kinachoingia mashineni pale, kiwe kitabu cha shule, kalenda, kadi ya harusi au tangazo la msiba, bila kupita kwanza chini ya rula yake. Kazini wanamwita Nukta. Jina hilo alipewa na mafundi wa mashine siku alipowasimamishia kazi kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana mwishoni mwa ukurasa. Walimpa kwa hasira, yeye akalipokea kama cheo.

Nukta hasomi kama watu wengine. Huweka rula chini ya mstari, hushika penseli nyekundu, hutembeza midomo bila sauti, silabi kwa silabi, kama anayetafuna kitu asichokiamini. Aliwahi kuiokoa harusi ambayo kadi zake zilitangaza kwamba wawili wale "watafuga ndoa" Jumamosi saa nane mchana. Aliwahi kumwokoa marehemu mmoja aliyeandikwa kwamba "ameiga dunia". Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka, maana kwake herufi iliyokaa pasipo pake ni mhalifu, na mhalifu hachekewi.

Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba. Nashona mapazia sebuleni kwetu, cherehani nimeiweka dirishani ili nione nani anapita na nani anarudi. Yeye hushuku maneno, mimi hushuku watu. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja najiuliza anataka nini. Nukta husema mimi hata zawadi huinusa kabla ya kuifungua, na hajakosea sana. Tunaishi wawili tu. Mumewe alifariki zamani, na wangu yu hai ila si kwangu.

Miaka minne iliyopita Nukta alianza kuchoka. Alipanda ngazi za kiwandani akapumzika katikati, nguo zikamlegea, ubavu wa kushoto ukawa mzito, na mikononi akawa na alama za buluu ambazo hakukumbuka kuzigonga popote. Alipimwa huku na huku, mwisho kliniki wakatuambia ni kansa ya damu, ile inayokwenda taratibu. Mimi nililia palepale. Nukta aliomba karatasi ya majibu akaisoma kwanza.

Daktari wa kliniki alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyoshuka mpaka ncha ya pua. Alituelewesha vizuri. Alisema ndani ya chembe nyeupe za Nukta kuna kimeng'enya kimoja, kitu kidogo cha mwilini kinachoendesha kazi za seli, ambacho kimeharibika kikasahau kupumzika. Kutwa kucha kinaamuru chembe zizaliane. Kidonge atakachopewa kinakwenda kukaa mahali palepale ambapo kimeng'enya hicho huchukulia nguvu zake. Kiti kikishakaliwa, bwana mkubwa hana pa kukaa, na kazi inasimama. Ndiyo maana dawa hiyo inaitwa kizuia kimeng'enya. Kuponya moja kwa moja hakuahidi, lakini alisema wengi wanazeeka nayo, ilimradi wasiache kumeza hata siku moja.

Nukta alinyanyua mkono kama mwanafunzi. Alitaka kujua kwa nini bango la ukutani limeandikwa "kimengenya" bila ritifaa, ile alama ya juu baada ya ng. Daktari aligeuka akalitazama. Juma lililofuata tulikuta mtu ameichora ritifaa ile kwa kalamu.

Kuweka dawa ikawa kazi yangu. Kila asubuhi nilitoa kidonge pakitini, nikakiweka kwenye kisosi pembeni ya chai yake na mkate, maana lazima kiende na chakula. Kidonge kilimvimbisha chini ya macho na kumkaza misuli ya miguu, lakini namba za chembe mbaya kwenye vipimo vyake zilishuka, zikabaki chini, na akarudi kupanda ngazi zake bila kupumzika. Miaka mitatu na zaidi tuliishi hivyo, nikaanza hata kusahau kuogopa.

Mwaka huu namba zikapanda. Mara ya kwanza daktari alisema tusubiri. Mara ya pili alimtazama Nukta juu ya miwani akamuuliza kama kweli anameza kila siku. Nukta alijibu kwamba yeye hajawahi kuruka hata mkato, sembuse kidonge. Daktari aliandika tu.

Hapo shaka yangu ikaamka. Nilianza na dada yangu mwenyewe, sifichi. Alipokwenda kazini nilipekua chini ya godoro, nikachungulia pipa la taka, nikafukua mpaka udongo wa vyungu vya maua kuona kama hatemi dawa huko. Sikupata kitu, na niliona aibu kidogo, si sana. Nikahamia kwa mfamasia wa duka tunakochukulia dawa. Alikuwa mgeni pale dukani, na tangu aje yeye pakiti za dawa zilibadilika rangi. Alisema kiwanda ndicho kilichobadilisha pakiti. Alisema huku akitabasamu, na mimi mtu anayetabasamu wakati anaulizwa swali simwelewi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, na nikaanza kumtazama vizuri.

Kisha ikaja ile barua.

Daktari wa kliniki aliamua kumpeleka Nukta kwa daktari wa damu wa hospitali kuu. Nukta alikuwa chumba cha pili akitolewa damu, kwa hiyo barua nilipewa mimi. Nilimwona daktari akiandika, akasita, akatazama mlango, akaandika tena. Karatasi hakuitia kwenye bahasha, aliikunja tu mara moja. Miadi ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Mkoba wangu zipu ilikuwa imekufa, kwa hiyo niliikunja ile karatasi tena na tena, nikaitia kifuani. Jua lilikuwa kali na foleni ya kutoka pale ilikuwa ndefu. Nilifika nyumbani nimelowa.

Niliifungua nikiwa peke yangu jikoni. Ndiyo, niliifungua, na anayenilaumu aniambie yeye angefanya nini. Mwandiko ulikuwa wa daktari, unajua tena, lakini mwingi ulisomeka. Kikunjo kimoja kilikuwa kimepita katikati ya mistari, na kwa jasho langu wino ulikuwa umebanduka hapo, kila mstari ukapoteza herufi. Mstari wa tano ulianza na neno "Tunashuku". Halafu "usu", halafu mwanya mweupe, halafu "u wa dawa".

Jicho langu liliruka ile u ya mbele, likatua kwenye s, na mwanya nikauziba mwenyewe. Sumu. Wanashuku sumu ya dawa.

Nilikaa kwenye stuli. Niliogopa, lakini niseme ukweli, chini ya ule woga palikuwa na kitu kama ushindi. Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu pakiti zilipobadilika rangi. Na daktari naye alijua, ndiyo maana alitazama mlango, ndiyo maana hakututamkia mdomoni, akaiandika kwa mwenzake. Kumrudia yeye kumuuliza niliona ni kumwamsha aliyelala. Kumwambia Nukta niliona ni vibaya zaidi. Nukta ni mtu wa maelekezo. Kama karatasi ya dawa inasema kila siku, atameza kila siku hata kidonge kiwe na pembe. Na pia sikutaka alale na neno lile kichwani, dada yangu, siku zote kumi na mbili.

Basi nikaamua peke yangu. Nilikwenda duka la dawa la mbali, mtaa ambao hawanijui, nikachagua vitamini za rangi ileile ya kahawia iliyopauka na ukubwa uleule. Asubuhi iliyofuata niliweka vitamini kwenye kisosi. Kidonge cha kweli nilikitia kwenye kopo la ndoano za mapazia, na kila siku nikaongeza kingine. Sikuvitupa kwa sababu vile vilikuwa ushahidi. Nilikwisha kupanga hata maneno nitakayomwambia yule mfamasia mbele ya polisi.

Ungefikiri Mungu angenipa dalili kwamba nakosea. Badala yake Nukta alianza kupendeza. Uvimbe wa chini ya macho ulishuka siku ya tano. Miguu iliacha kumkaza. Fundi mmoja wa kiwandani alimwambia anarudi usichana. Mimi nilimtazama akinywa chai yake nikajisifu kimoyomoyo kwamba namtoa dada yangu kaburini bila yeye kujua. Alikuwa mkimya kuliko kawaida, hilo niliona. Nilidhani ni wasiwasi wa miadi.

Siku ya miadi tulikwenda hospitali kuu. Barua niliikabidhi dirishani kwa karani. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia siku hiyo, nilibaki kwenye benchi la korido nikiwachunguza wapitao. Nukta alitoka na plasta mkononi, akasema daktari ni mwanamke, ana sauti ya chini, hajasema kitu ila amechukua damu ya kutosha kuandikia kitabu. Anataka kuona dawa iko kiasi gani ndani. Nilifurahi. Sasa wataiona hiyo sumu yenyewe, nikawaza. Tukaambiwa turudi baada ya wiki, na wiki hiyo nayo niliendelea na vitamini.

Tuliporudi tuliitwa wote wawili. Chumba kilikuwa kidogo, meza na viti vitatu, sinki iliyokuwa ikidondosha, na kalenda ukutani. Nukta aliitupia macho kalenda akakunja uso, nikajua ameshaona kosa. Daktari alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Moja ilikuwa ya majibu, na ya pili ilikuwa ile barua yetu yenye kikunjo.

"Mama," daktari alisema, "dawa haimo kwenye damu yako. Sisemi ni kidogo. Haimo."

Nilimsubiri Nukta alipuke. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudisha mhariri mkuu kutoka nyumbani kwake kwa ajili ya mkato. Lakini alitazama mikono yake mapajani.

"Mimi nameza ninachowekewa," akasema polepole.

Daktari aliisogeza karatasi ya majibu pembeni. Akaeleza bila ukali, na ule upole wake ulinitisha zaidi. Kuna kidonge kingine, alisema, kizuia kimeng'enya cha namna mpya, kwa ajili ya wale ambao cha kwanza kimegonga mwamba. Kinakuja kichache. Mwaka huu amepata cha watu wanne, na nafasi iliyobaki ni moja. Lakini hakipewi mtu ambaye tatizo lake ni kutomeza. Asiyemeza dawa, damu yake ikichafuka, huo si usugu, ni uzembe, na akipewa kipya atakiacha vilevile. Nyuma ya Nukta walikuwepo wagonjwa wawili wanaongoja, na hao damu zao zilionyesha dawa imo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamalizia. "Siku ya kwanza uliniambia unameza kila siku. Sasa nikusaidieje?"

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye neno moja. Nilimuuliza usugu wa nini.

"Usugu wa dawa. Ugonjwa unapoizoea dawa, hausikii tena. Si ndicho walichoandika kliniki kwenye barua mliyoleta?"

"Wameandika sumu," nikasema.

Daktari alinitazama. Nilinyoosha kidole kwenye mstari wa tano, nikamwonyesha. Kabla hajajibu, Nukta aliivuta ile karatasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Hakuwa na rula, alitumia ukingo wa kadi ya hospitali. Midomo ikatembea.

"Sumu ni ya," akasema. "Sumu ya dawa. Hapa pana wa. Na mbele pana u." Akaninyanyulia macho. "Hakuna mtu anayesema usumu wa dawa, mdogo wangu. Ni usugu. Hata kama kikunjo kimekula herufi, ile wa imebaki inakupigia kelele."

Sijui nilianzaje. Najua tu kwamba niliyasema yote, duka la mbali, vitamini, kopo la ndoano, siku kumi na tisa. Nilisema nikimtazama daktari kwa sababu kumtazama Nukta sikuweza. Nilisema mimi ndiye niliyemnyima, yeye hana kosa, wasimwondoe kwenye orodha, kama kuna wa kufungwa nifungwe mimi.

Nukta alishusha pumzi ndefu. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani, na mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilikasirika sana. Mimi nalia, yeye anacheka, na nafasi ya uhai wake inampita mlangoni. Nilidhani anacheka sarufi yangu.

Daktari yeye hakucheka. Alisema ndugu wa wagonjwa humwambia mengi, na wengine hujitwika makosa ya wenzao kwa mapenzi. Kusema kweli nilimheshimu kwa hilo, ningekuwa yeye nisingeniamini pia. Alisema atashikilia ile nafasi mpaka kesho saa sita mchana. Tulete hilo kopo na pakiti zote.

Tulifika saa mbili. Nesi alimimina kopo kwenye trei, ndoano zikatawanyika kwa kelele, akavitenga vidonge kimoja kimoja na kijiti. Vilikuwa kumi na tisa. Wakalinganisha na pakiti, wakampigia simu mfamasia wetu, yule mwenye tabasamu, naye akawasomea tarehe zote alizotupa dawa. Hesabu ilikubali bila kuzidi wala kupungua. Kwa hiyo mtu niliyetaka kumpeleka polisi ndiye aliyetusafisha. Baadaye nilimpelekea pazia la dirisha la duka, akashangaa, sikumweleza.

Daktari aliamuru Nukta arudie kidonge cha zamani kwa wiki mbili, halafu apimwe upya. Wiki hizo mbili sikugusa dawa. Nukta alizihamishia chumbani kwake bila kunitangazia, na asubuhi alikuja mezani ameshameza. Sikulalamika. Aliyeungua na uji hupuliza hata maji, na mimi ndiye niliyekuwa uji.

Damu ya pili ilionyesha dawa imo, tena ya kutosha, na chembe mbaya bado zilikuwa zinapanda. Sasa palibaki kumtafuta mhalifu mwenyewe. Walituma damu maabara ya mbali kusoma yale maandishi ya ndani ya seli yanayoeleza kimeng'enya kijengwe vipi. Siku kumi tuliishi bila kuongea mengi. Nukta alikwenda kazini na kurudi. Mimi nilishona pazia moja mara mbili.

Majibu yalipokuja daktari aligeuza karatasi akamwelekezea Nukta. Alisema maandishi hayo ya mwili ni marefu sana, na yana herufi nne tu zinazorudiwarudiwa. Mahali pamoja, herufi moja imekaa badala ya nyingine. Kwa herufi hiyo umbo la kile kiti limebadilika, na kidonge kinafika lakini hakiwezi kukaa.

Nukta aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Herufi moja?"

"Moja, mama."

"Na msahihishaji wao alikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipomwona daktari akicheka. Alisema wasahihishaji wamo mwilini, kweli kabisa, wanapita nyuma ya kila nakala wakirekebisha, lakini kazi ni nyingi na mara mojamoja kosa linawapita. Nukta alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za wenzake wa kazini. Nilijua hatawalaumu tena.

Kile kidonge kipya, daktari alieleza, hakigombanii kiti. Kinakishika kimeng'enya mgongoni, mahali pengine kabisa, kikikikunja kisiweze kufanya kazi hata kiti kikiwa wazi. Hakuna ajuaye kama hakitakuja kuzoeleka nacho. Watapima kila mwezi na wataendelea kutazama. Nukta alitia sahihi fomu baada ya kuisoma yote, akarekebisha sehemu mbili.

Mwezi wa kwanza namba zilisimama. Wa pili zilishuka kidogo, nami sikuamini, nikasema labda maabara wamechanganya chupa. Wa tatu zilishuka sana. Daktari alituonyesha mstari kwenye kompyuta ukiteremka, na Nukta aliufuata kwa kidole kwenye kioo mpaka mwisho. Nilikwenda korido nikalia, safari hii bila kuficha, na mtu mmoja nisiyemjua akanipa kitambaa. Sikumshuku.

Asubuhi ya kesho yake nilikuwa cherehanini. Nukta alitoka chumbani na pakiti ya dawa, akaiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona.

"Uwe unaniwekea wewe, kama zamani."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia sijiamini, na yeye asiniamini, mtu aliyekosea kati ya "ya" na "wa" asishikishwe uhai wa mwenzake. Nilimuuliza kama haogopi.

Alivuta kiti akakaa. Alisema kuna kitu hakuniambia pale kwa daktari.

"Vidonge vyangu vya zamani vilikuwa na maandishi. Herufi mbili upande mmoja, tarakimu upande wa pili. Vyako vilikuwa vitupu. Niliona asubuhi ya kwanza."

"Uliona?"

"Mimi niache kuona?"

Nilizima cherehani. Nilimuuliza, kama aliona, kwa nini alimeza. Kwa nini hakunipigia kelele, yeye anayepigia watu kelele kwa ajili ya mkato.

Alikuwa akinyoosha kingo za lile pazia kwa kiganja.

"Nilidhani umechoka kuniuguza," akasema. "Miaka minne ni mingi. Nikasema kama ni mdogo wangu ndiye amefika hapo, basi, sitampa kazi ya kunieleza."

Nilikuwa nazikumbuka zile asubuhi, moja baada ya nyingine. Kumi na tisa, dada yangu alikaa pale mezani akiamini kwamba namuua, na kila alipomaliza kumeza alinirudishia kisosi akaniambia ahsante.